Kwa Baba Yetu Tumainieli, Uliyepita Bila Kusalimu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile uliposhika kikombe umwulize Mama swali lako la kila siku: "Justa, sukari imehamia kijiji gani?" Hukulimaliza. Kikombe kilianguka, moyo ukasimama, nasi mpaka leo hatujaelewa.

Ni wewe uliyefungua bwawa letu la ndiva kila alfajiri, maji yateremke hadi shamba la ujamaa. Uliufuata mfereji ukitoa majani kwa mkono, ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yako mbaya. Mjane akichelewa zamu yake, ulimwachia maji hivyo hivyo.

Kisha ukaanza kukanyaga matuta ya maharage. Ukawapita watu njiani bila neno. "Kupewa ndiva kumemfanya bwana mkubwa!" walisema. Mjomba Anaeli, kaka mkubwa wa Mama, alisimama kando ya mfereji akingoja shikamoo yako. Ukampita. Hakuja tena kwetu; hata msibani alikaa nje ya ua.

Mwaka huu mwanao Asnath, katika chuo chake cha uuguzi, alifundishwa ugonjwa wa macho unaoanzia pembeni. Mgonjwa huona mbele tu, kama anayechungulia kupitia bomba. Chembechembe hai za mshipa wa fahamu wa jicho hufa moja moja. Dalili zote zilikuwa zako, Baba. Mwalimu alisema huenda mwili wenyewe ndio unaoziamuru zife. Wataalamu bado wanatafuta. Alisema pia kwamba tumboni mwa mama chembechembe huamriwa kufa ili vidole vya mtoto viachane. Asnath alivitazama vidole vyake, akalia darasani. Mwili unaotupatia vidole namna hiyo, ukuibie wewe macho namna hiyo hiyo?

Amerudi na swali hilo nyumbani. "Sasa aliyeamuru ni nani?" Mama anauliza. "Na kwa nini baba yenu hakuniambia kuwa haoni?" Labda hukujua. Labda uliona haya. Hatujui, Baba.

Jumapili, kaburini, Asnath alimweleza Mjomba hayo yote kwa sauti ndogo, macho chini.

Hutatoka mioyoni mwetu: mkeo Justa, wanao Asnath na Elirehema, dada yako Koleta. Na shemeji yako Anaeli, ambaye alivua kofia, akakugeukia:

"Niliona unajikwaa, Tumainieli. Nilisimama pale nikushike mkono. Nikangoja unisalimu kwanza."