Macho Ambayo Sikuwahi Kuyatazama

Mama,

Ni mimi mkweo, yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Binti yako Kerubo ndiye angefaa kukuandikia, lakini jambo hili ni langu, na ulipokuwa hai nisingethubutu kukwambia uso kwa uso. Uso wenyewe sikuwahi kuutazama. Nilimwoa mwaka wa Uhuru, na mpaka tunakuzika, kila tulipokaribia kukutana njia ya Mosocho mmoja wetu aliingia kwenye migomba. Ndiyo chinsoni yetu, heshima ya wakwe.

Basi macho yako yalipoanza kuchoma, ukasema ni kama yametiwa mchanga, nilikutibu kupitia ukuta. Wewe ndani, mimi nje, Kerubo mlangoni akipeleka maswali. Yanatoa machozi? Ukajibu, "Mwambie mkwe, nikipigwa na upepo tu yanamwagika." Nikajiona mjuzi. Nikasema ni uchafu wa pareto, yale maua unayoyakausha juu ya moto, nikakuagiza uyaoshe kwa maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni.

Mama, nilikosea.

Daktari wa macho alipopita zahanatini nilimsimulia. Akasema hayo ni macho makavu. Nikabisha: makavu vipi, na mashavu yamelowa? Akanieleza kwamba jicho lina utando wa maji, na juu yake mafuta kidogo yanayotoka kwenye kingo za kope. Mafuta yakipungua maji hukauka upesi, jicho linaumia, nalo linajimwagia machozi ya haraka yasiyokaa. Moshi na upepo huzidisha. Nilisimama pale na bandeji mkononi, nikistaajabia jicho, halafu nikakumbuka chumvi. Msimu mzima ulinitii bila kuguna! Mwanao wa kumzaa ungemkemea. Mimi uliniheshimu.

Nikabadilisha maagizo bila kusema kwa nini. Kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya kope, kupepesa macho mara kwa mara, pareto ianikwe juani, na matone aliyonipa daktari. Ukatuma neno: "Mwambie mkwe dawa hii ya pili imenipenda." Nikapokea sifa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa pareto anaikausha Kerubo, na siku za mvua anairudisha juu ya moto. Juzi nilimwona akisugua macho. Nilimkalisha nje penye mwanga, nikamshika kidevu, nikachunguza kingo za kope na kumwuliza maswali mpaka akachoka nami. Watu wote husema macho yake ni yako. Niliyatazama kuliko ilivyohitajika.

Pumzika, Mama. Nisamehe. Leo, akirudi kutoka shambani, nitamweleza Kerubo habari ya chumvi, yote, bila kujipunguzia. Wewe huwezi tena kunikemea, na nahitaji mtu anikemee.

Mkweo