Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Kutolea Damu

Jumatatu, 7 Machi
Damu tena. Asubuhi nzima natoa wagonjwa damu kwenye kliniki ya ARV, hapa Machakos mjini. Utafiti unataka kujua kama miili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI bado ina kingamwili za korona. Mishipa naipata. Gazeti ndilo nasoma nikiwa nimelisogeza mbali, macho yamezeeka. Sista Ndinda anasema siku moja nitachoma meza. Mgongo unauma.

Jumanne, 8 Machi
Nimeita anayefuata, akaingia mama mkwe.
Kumbe huchukua dawa hapa, hutoka Katangi, mbali kote huko, ili asijulikane. Akakutana na mimi. Na sisi Wakamba tuko na nthoni: mama mkwe hata mkono simpi, tukionana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa nimfunge mpira mkononi, nimchome sindano? Nikafanya nilivyolelewa. Nikavua glavu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kando ya tangi la maji. Mwanaume mzima, na mvi.
Niliporudi, kiti kitupu. Ameenda bila dawa zake. Mjinga mimi. Labda amedhani nimekimbia ugonjwa.

Alhamisi, 10 Machi
Hajarudi. Ndinda amepiga simu, imezimwa. Dawa alizo nazo zinaisha wiki hii. Akiziacha, ndio basi, na kingamwili zitamsaidia nini? Mke wangu ameuliza mbona sili. Nikasema jino. Akanitafutia karafuu. Natafuna karafuu kwa jino zima. Siwezi kumwambia kuhusu mamake. Siri si yangu. Naogopa.

Jumatatu, 14 Machi
Simu imeshikwa. Ndinda amemweleza kwamba nilitoka kwa heshima tu, na kwamba ya kliniki hayafiki nyumbani kwangu. Mama akasema ataona. "Nitaona" ya mama mkwe ni kama mawingu ya Katangi. Mengi, na chini pakavu.
Ndinda hakosi la kusema: "Baba Kioko, akija utajificha wapi? Hiyo tangi haikutoshi, tumbo linaonekana."
Nilicheka kidogo. Nimechoka.

Jumatano, 16 Machi
Nilisikia sauti yake kwenye benchi. Nikaingia chumba cha mashine ya kuzungusha damu, nikafunga mlango. Ndinda ndiye alimtoa damu, akampa na dawa. Zote. Ndinda anasema amezitia kwenye kiondo, akaweka mboga za sukuma juu.
Kisha Ndinda akaniletea chupa ya damu. Namba tu, jina hakuna. Bado ina joto.
"Mama anasema yeye hajakuona, na wewe hujamwona," akaniambia. "Halafu anasema usalimie wajukuu."
Nikaiweka kwenye mashine pamoja na zingine. Ikazunguka. Nilikuwa na kazi nyingine ya kufanya, lakini nilikaa hapo mpaka ikasimama.