Waya wa masufuria kwenye kioo cha kompyuta

Katika ofisi ya shule tulikuwa watatu, dada Mukunde: Mkurugenzi Silvère, katibu Béatha, na mimi.

Ule utando wa kuzuia mng'ao kwenye kioo cha kompyuta yetu pekee ulikuwa umebanduka nusu. Nilianza kuutoa taratibu, kwa pamba na spiriti, kisha nikaenda darasani.

Niliporudi, Mkurugenzi alikuwa anausugua kwa waya wa masufuria. Waya wa masufuria, dada.

“Mwalimu, wewe ulikuwa unaubembeleza,” akasema. “Tazama, umetoka wote.”

Umetoka, na kioo kimechubuka hata herufi hazisomeki. Béatha akacheka: “Sasa wanafunzi watasoma kwa kupapasa.”

Sikucheka. Niliwatangazia kwamba somo langu la kompyuta nimelifuta kwenye ratiba, na wazazi wakiniuliza sababu, nitamtaja aliyeshika waya.