Kisanduku cha Ruracio

Jumatatu, 5 Mei 2025

Oloo amenyimwa likizo! Hospitali anakofanya kazi huko Ireland haina manesi wa kutosha, na Jumamosi ndiyo ruracio yetu, siku ya kuleta mahari. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikampigia baba. Nikamwambia Oloo anaweza kuhudhuria kwa video.

"Gathoni, mimi sitaki mkwe wa kukaa kwa mfuko ya mtu," baba akasema. "Akae mbele, mkubwa, tumwone. Na achague bibi yake kama kawaida. Akishindwa, tungoje siku atakuja mwenyewe."

Siku hiyo ni Desemba ya mwaka ujao. Nitakuwa nimezeeka!

Na hiyo kuchagua — tunafunikwa leso kichwa hadi miguu, wasichana kadhaa, naye amtoe wake. Akiwa hapo hapo ni mchezo tu. Kwa video, sijui.

Lakini! Ukumbi wa kanisa hapa Chaka una skrini kubwa kama mlango na kamera nzuri. Shida ni kwamba mtambo huo ni wa zamani, unaongea na mitambo ya aina yake tu, simu ya Oloo haiwezi kuingia. Na mimi, fundi wa mitandao, kazi niliyopewa wiki hii ni gani? Kufunga gateway pale pale. Kisanduku cha kukaa katikati na kuutafsiria mtambo maneno ya simu. Pasta alikiagiza kwa mikutano yake. Atanisamehe kikianza na mahari.

Jumatano, 7 Mei

Kisanduku kiko kwenye kabati la kona, karibu na ngoma za kwaya. Nimekipa anwani, nikakiunganisha na mtambo, nikampigia Oloo. Akatokea ukuta mzima! Hadi mahali alipojikata akinyoa nimeona.

Ila yeye haoni kitu. Giza. Firewall, yaani mlinzi wa mtandao wa kanisa, inaruhusu picha iingie, ikitoka inaizuia. Nimeshinda nayo mchana kutwa, naye ametoka zamu ya usiku, anasinzia na kuamka. Nimemwambia kwamba picha ikikwama naangalia taa ya kisanduku kabla ya kumwangalia yeye. Akalalamika, ati nitaolewa na hiyo taa.

Baba amepita, akachungulia, akauliza kama kumeiva. Nimesema bado. Akaenda zake. Nina hofu.

Ijumaa, 9 Mei

Kumeiva!!! Kulikuwa na milango ya picha niliyosahau kuifungua kwenye firewall. Oloo aliponiona alipiga kelele, wenzake wakaja kunisalimia. Nimekipanga kisanduku hivi: mtandao ukilegea, sauti kwanza, picha baadaye.

Wakwe wamefika Nyeri. Mzee Hezekiah, babake Oloo, amekataa kuelekezwa Chaka. Alikuwa polisi hapa miaka mingi, ati barabara zinamjua.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika ndani ya leso! Tuko sita, tumekaa mstari, mimi wa nne. Shangazi Ngendo amechukua simu zetu tusimtumie Oloo ishara, lakini penseli hakuiona. Hakuna kusema, hakuna kucheka. Leso ni nyepesi, naona kiasi.

Oloo yuko mbele, na tai. Baba ameisogelea skrini, akanyoosha mkono amsalimie, akakumbuka, akaurudisha mfukoni. Ukumbi umekufa kwa kicheko. Baba naye amecheka!

Mvua imeanza. Mabati yanapiga kelele.

Picha imekwama. Oloo yuko skrini nzima, mdomo wazi. Kila mtu anamkodolea macho. Mimi nimegeukia kabati — taa ni ya machungwa. Mtandao umelegea, haujakatika. Najua pa kubonyeza. Mikono inaniwasha! Nikiinuka nimejitaja, na ruracio imeharibika.

Shangazi anauliza fundi yuko wapi. Watu wanacheka. Fundi amefunikwa.

Sauti ya Oloo imekuja, safi kabisa. Anasema yeye anatuona vizuri. Baba amemwambia basi achague.

Nasikia mvua tu.

"Wa nne," amesema Oloo.

Baba ameuliza amejuaje, na sisi sote tumefunikwa sawasawa.

"Mzee, picha ikikwama wote wanaangalia mimi. Huyo peke yake ameangalia mashine."

Nalia na kucheka ndani ya leso, karatasi imelowa. Mzee Hezekiah anapiga makofi peke yake. Viatu vya shangazi vinakuja, amefika kwa wa pili, wa tatu — baba amemzuia. Ati asinifunue bado. Baba mwenyewe anakuja polepole. Amesimama mbele yangu, naona viatu vyake.

"Basi huyo wa nne aende atengeneze mashine," amesema. "Nataka kuona mkwe wangu akicheka."

Mkwe wangu! Amesema mkwe wangu. Naficha penseli. Naenda na leso yangu kichwani, sijui hata kabati nitalifunguaje.