Mimi Ndiye Niliyekuwa Sumaku

Jumatatu, 3 Juni

Nina hasira, mwandiko utakuwa wa kuku. Basi na uwe.

Asubuhi niko kwenye cherehani, mdomo umejaa pini, redio inajisemea kama kawaida. Mara nasikia: leo tunaye shabiki namba moja wa Sumaku, yule shujaa anayevuta vyuma, kwa kuwa filamu inaingia ukumbini wiki ijayo. Nikafurahi! Nikaongeza sauti. Halafu nikasikia kikohozi ninachokijua. Kaka yangu! Kaka yangu wa tumbo moja, muuza bima, mtu anayeweza kukuuzia hata kivuli chako mwenyewe.

Mtangazaji akamuuliza: enzi ipi ilikuwa tamu kuliko zote kwa shabiki wa Sumaku? Ya mchezo wa redio, ya katuni za gazetini, au hii ya filamu? Kaka akavuta pumzi kama mzee mwenye mengi. Ya redio, akasema, tulipokuwa watoto. Hapo sawa, nikatikisa kichwa na pini zangu. Kisha akaendelea. Kwamba mchezo ukiisha tulikimbilia uani kuuigiza, yeye ndiye alikuwa Sumaku, na mdogo wake wa kike alikuwa "yule wa kuokolewa."

Yule wa kuokolewa! Mimi! Nusura nimeze pini.

Mimi ndiye niliyekuwa Sumaku. Kila siku, iwe jua iwe mvua. Shuka la kitanda shingoni, mfuniko wa sufuria mkononi. Yeye alikuwa Kutu, yule adui anayekula vyuma vya watu kimyakimya. Alijipaka matope mpaka masikioni. Hakuwa Sumaku hata kwa dakika moja. Na wa kuokolewa hakuwa mtu, ilikuwa ndoo!

Fundi viatu wa mlango wa pili naye alikuwa anasikiliza. Akachungulia: kumbe fundi ulikuwa unaokolewa? Nikamwambia akaokoe visigino vya watu.

Atanitambua kaka. Sijui kwa vipi, lakini atanitambua.

Jumanne, 4 Juni

Mama mwenye duka la maua kaja kuchukua gauni lake. Ananiambia usihangaike na hiyo cherehani ikikwama, tutamwita kaka yako akuokoe. Anacheka mpaka machozi. Nikamwambia zipu bado, arudi Ijumaa. Zipu ilikuwa tayari tangu jana.

Siku nzima najiuliza kwa nini inaniuma hivi. Mtu mzima, nywele zinaanza mvi, nagombania mchezo wa uani.

Lakini ngoja. Enzi ya redio Sumaku hakuwa na uso. Ilikuwa sauti tu, nzito, inasema "Njoo!" na vyuma vyote vya mji vinamfuata: misumari, bisibisi, mageti ya matajiri. Tulikuwa tunakodolea macho vijiko mezani. Mimi naapa vilitikisika. Na kwa kuwa hakuwa na uso, kila mtu alikuwa na wake. Wangu alikuwa na mikono kama hii yangu, myembamba, yenye vidole virefu.

Ikaja enzi ya gazeti. Katuni moja kwa wiki, na baba anaisoma kwanza, polepole, makusudi! Utamu ulikuwepo, sikatai. Ila hapo ndipo tukamwona: taya kubwa, kifua kama kabati. Hakufanana na mimi hata kidogo.

Na sasa filamu. Yuko kwenye sabuni, yuko kwenye biskuti, yuko kwenye soksi. Watoto wana kila kitu cha Sumaku. Kuwa Sumaku, hilo hawana, maana wanajua kabisa anafananaje, na si wao.

Enzi tamu ni ile ambayo msichana mwenye shuka shingoni alikuwa Sumaku na hakuna aliyeweza kumwambia siye. Sasa kuna mtu kasema siye. Kwa redio! Nchi nzima imesikia!

Hasira imenirudia. Nalala.

Alhamisi, 6 Juni

Kaja. Kaja mwenyewe kwa miguu yake!

Anaingia na tabasamu lile la kusainisha watu. Mdogo wangu, mdogo wangu. Kumbe ameitwa jukwaani Jumamosi ya wiki ijayo, siku filamu inapoanza, mchana, ukumbi mzima, kuzungumza na mtangazaji mbele ya watu. Anataka vazi la Sumaku. Suruali ya bluu ya kubana, shati, joho. Nani mwingine anishonee, anasema, wewe ni damu yangu.

Nikamwambia, nilikusikia redioni, kaka.

Macho yakacheza kidogo. Ah, si unajua mambo ya redio, akasema, mtu unapamba kidogo.

Unapamba!

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka chini, nikatabasamu. Nikasema, simama hapa kaka, nikupime.

Sasa niandike hili kwa sababu sitamwambia mtu. Mwanamume mwenye kitambi akisimama mbele ya futi, anavuta tumbo ndani. Wote, hata mchungaji. Kwa hiyo fundi mwenye adabu anampigisha porojo. Anamuuliza habari za watoto, anamchekesha, tumbo linashuka lenyewe mahali pake, ndipo anakaza futi. Hicho ndicho alichonifundisha aliyenifundisha kazi. Fundi anapima mtu, hapimi majivuno.

Kaka akavuta tumbo mpaka shingo ikamtoka mishipa. Mimi kimya! Sikuuliza habari za mtoto wala mke. Nikapima kiuno hivyo hivyo, nikapima makalio hivyo hivyo, nikaandika. Akauliza, umemaliza? Kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji. Nimemaliza, kaka.

Akashusha pumzi, na tumbo likashuka nayo. Dawa yako iko jikoni, muuza bima.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa mama. Nimemkuta anachagua mchele, redio pembeni. Naye alisikia, majirani walikuja kumpongeza.

Nikamuuliza waziwazi: mama, nani alikuwa Sumaku?

Akasema anachokumbuka ni mashuka yake kuchanika. Nikamshikilia. Mama, nani? Akacheka. Wewe, si wewe uliyekuwa unapiga kelele. Siku moja ulimfunga mwenzio kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ukaja kula, ukamsahau mpaka mvua ikamkuta. Nikacheka na mimi. Ha! Nilikuwa nimeshasahau! Kutu amelowa, matope yote yamemtoka, anang'aa!

Basi shahidi ninaye. Nikamwambia mama ampigie simu kaka amwambie aseme ukweli. Akakataa. Akasema yeye si polisi wa watoto wenye wajukuu. Kisha akaongeza, na sijui kwa nini aliongeza: lakini aliyeipenda ile redio ni kaka yako. Nani alikuwa anasimama nje ameshika waya wa redio ukutani mchezo usikike? Akiuachia tu, mnaanza kumtukana humu ndani.

Kweli alikuwa anashika waya. Ndiyo. Kushika waya si kuwa Sumaku!

Nimeondoka kabla ya chai.

Jumatano, 12 Juni

Suruali imekamilika. Ni nzuri sana, hilo ndilo linaloudhi. Bluu inang'aa, mapindo yamelala, ukiiona kwenye henga utadhani ina mtu ndani.

Kitambaa nimechagua mwenyewe: hakivutiki hata ukikiomba. Na mshono wa nyuma, ule unaobeba mzigo wote mtu akikaa, nimeupiga bandi tu. Bandi ni uzi wa kushikizia, wa kupita, wa kuondolewa baadaye. Nikapiga pasi juu yake. Sasa hauonekani.

Fundi viatu kaishika, akaigeuza. Hii itakaa kweli? Nikamwambia inategemea na mwenye kuvaa. Akaniangalia. Yule si mjinga. Akasema, fundi, lakini hiyo kazi ni ya mkono wako. Nikamwambia akashone viatu.

Kaka kapiga simu mara mbili, anataka kuja kuijaribu. Nimemwambia nina kazi za watu mpaka kooni, nitamletea ukumbini. Asante sana mdogo wangu, anasema. Mdogo wangu! Roho ilinicheza kidogo. Nikakumbuka "yule wa kuokolewa" na ikatulia.

Jumamosi, 15 Juni

Naandikia ukumbini, nyuma ya jukwaa, kwenye koridoo. Nimekaa juu ya kreti la soda. Suruali iko mapajani mwangu.

Nieleze vizuri, mkono una haraka.

Nimempelekea vazi watu wameshaanza kuingia. Akavaa nyuma ya mlango, nikamsikia anaguna. Akatoka ameshikilia pumzi, macho mekundu, joho begani. Naonekanaje? Kama yeye kabisa, kaka. Nikaenda kukaa safu ya mbele. Nisingekubali safu ya pili.

Ukumbi umejaa! Watoto wamevaa fulana zenye taya lile, wazazi wamebeba wadogo mabegani. Mtangazaji akamtangaza, muziki ukalia. Kaka akatoka anatembea kwa hatua fupi fupi. Watu walipiga kelele mpaka nikahisi kwenye meno. Akashika maikrofoni na kitu cha kwanza alichosema: vazi hili kalishona dada yangu, yule pale mbele, fundi hodari kuliko wote ninaowajua. Simama, mdogo wangu! Na duka langu akalitaja, na mtaa!

Nikasimama. Ningefanya nini? Wakapiga makofi. Bibi wa pembeni akanigusa mkono, akasema nitakuletea gauni la binti yangu la harusi. Kazi ya mkono wangu. Fundi viatu alisema, mimi nikamjibu mambo ya viatu. Nilitaka kumpungia kaka, usikae! Na wakati huo huo, niseme ukweli, nilitaka akae.

Mtangazaji akamwonyesha kiti. Karibu, Sumaku.

Akakaa. Praaa!

Maikrofoni ilikuwa karibu, ukumbi wote umesikia. Kicheko kilichotoka hapo! Na niandike hili pia: nilicheka mimi kwanza. Kabla ya watoto. Kilitoka chenyewe kutoka tumboni, kitamu, kile ambacho nimekingoja siku zote hizi. Kaka akasimama, akaweka mikono nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye pazia huku anatabasamu, na joho halikutosha kumfunika, maana joho nalo nilikuwa nimelikata fupi.

Yule bibi wa gauni la harusi alikuwa ananitazama. Akahamisha pochi yake upande wa pili.

Mtangazaji ni mwepesi, akasema Sumaku amevuta mpaka uzi, atarudi punde, na akawawekea kipande cha filamu. Mara mhudumu akaja kunishika bega: fundi, unaitwa nyuma.

Ndiyo niko hapa. Kaka kajifungia kwenye chumba cha kubadilishia, kanipitishia suruali kwenye upenyo wa mlango. Mkono tu ndio ulitoka. Nishonee haraka, mdogo wangu, wananisubiri. Hajauliza imekuwaje. Hajanituhumu. Nadhani anadhani ni kitambi.

Sindano ninayo. Uzi ninao. Ni kazi ya dakika chache, nikilegeza pembeni na kushona mara mbili.

Sijaanza. Nimesogea kwenye upenyo, nikamuuliza: nani alikuwa Sumaku?

Dada, si wakati wa utani.

Nani?

Nje huko kipande cha filamu kinanguruma. Nikasema nina muda, kaka, mimi nimevaa.

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Alipoongea haikuwa sauti ya bima. Sijaisikia sauti hiyo tangu abalehe. Akasema: wewe. Ulikuwa wewe kila siku. Mimi nilikuwa nasimama nje na waya, siusikii hata mchezo wenyewe vizuri, nasikia ninyi mnavyoshangilia. Halafu unatoka na shuka lako, na mimi najipaka matope, na kila siku nawaza labda leo atasema, kaka, zamu yako. Hukusema. Mnaniuliza enzi tamu, akasema. Ilikuwa tamu kwako. Mimi nimeionja juzi, pale redioni, nilipoanza kusema tu ikanitoka. Nikaona utamu wake. Basi nikashindwa kuirudisha.

Nimerudi kwenye kreti. Nimetia uzi sindanoni. Nimeutoa. Nimeandika haya yote badala ya kushona.

Kipande cha filamu kimeisha. Mtangazaji anaita: Sumaku! Na watoto wanamfuata, ukumbi mzima, Su-ma-ku, Su-ma-ku. Kaka anagonga mlango kwa ndani, polepole, kwa kidole kimoja. Mdogo wangu. Upo?

Nimemwambia sikumsikia vizuri, kuna kelele, arudie lile la mwanzo. Nani alikuwa Sumaku. Aseme kwa nguvu, na huyu mhudumu aliyesimama hapa asikie.

Nilimsikia. Nilisikia kila neno.

Anarudia.