Daftari Nililolishonea Jalada

Baba mtoto,

Sisi hatujambo. Mwanao ameota jino la pili na anauma kila kitu, hata kidole cha nesi.

Jana kliniki waliniuliza jina lako, nikawaambia waache nafasi wazi. Lile ulilotuambia ulipokuwa karani wa chama chetu cha washonaji halikuwa lako. La kweli nililisikia mahakamani, ulipokuja na sare ya polisi, ukasoma maneno ya mikutano yetu kwenye daftari nililolishonea jalada. Kaka alizoea kukutania, "Shemeji karani, usisahau koma!" Sasa amefungwa kwa mwandiko wako.

Umeomba kumwona mtoto. Sikukatazi. Ila anzia gerezani, kwa mjomba wake. Akikupokea yeye, nami nitakufungulia.

Ni mimi, mama yake.