Babu Yangu Hakuwahi Kupiga Mbizi

Mama Thani mpendwa,

Nisaidie, na tafadhali isome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimeianza mara nne na mara zote nimeichana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, wa hapa hapa Muharraq, na huenda nyumba yetu unaijua, kwa hiyo jina langu naomba ulifiche gazetini. Mwezi uliopita nilipata ufadhili wa masomo ya sayansi ya bahari, ule wa wanafunzi watano tu kwa nchi nzima, wanakusomesha chuo miaka minne na wanakufundisha kupiga mbizi mpaka uweze kufanya utafiti chini ya maji, na siku barua ilipofika mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna harusi ambayo hakualikwa. Ningepaswa kufurahi, lakini sina raha hata kidogo, kwa sababu niliupata kwa uongo.

Fomu ilikuwa na swali moja: familia yako ina uhusiano gani na bahari? Waliacha mistari mitatu tu, nami nikaandika kwamba babu yangu, mzaa mama, alikuwa mpiga mbizi wa lulu. Si kweli. Babu alikuwa mvuta kamba, yule anayebaki juu chomboni ameshika kamba mkononi, na mpiga mbizi akiitikisa huko chini, anamvuta kabla pumzi haijamwisha. Alifanya kazi hiyo misimu ishirini, hakuzama hata siku moja, na mpaka leo hajui kuogelea. Lakini wewe unajua mji wetu, wapiga mbizi ndio wanaoimbwa, na shuleni kila mtoto ana babu mpiga mbizi, mpaka nilikuwa najiuliza ni nani basi aliyekuwa akiwavuta wote hao.

Laiti ningeishia kwenye fomu. Kwenye usaili walitaka kusikia zaidi, nikajikuta nawasimulia kisa cha Mabkhut. Marehemu Mabkhut ndiye aliyekuwa mpiga mbizi wa babu, na kisa hiki babu hukirudia kila akinywa kahawa, jinsi Mabkhut alivyoshuka na kiriba kwenye chemchemi iliyo chini ya bahari ili awatekee wenzake maji ya kunywa, mguu wake ukanasa kwenye mwamba na mkono ukabanwa, asiweze kuitikisa kamba aliyofungwa kifuani, na babu kule juu akasubiri kutikisiwa, hakutikisiwa, na kwa sababu hakusikia chochote akavuta, huku nahodha akimtukana kwamba anaharibu kazi, mpaka kichwa cha Mabkhut kikatoka majini, midomo ya buluu, kiriba bado kimefungwa kiunoni. Mimi nilikisimulia kana kwamba aliyekuwa chini ni babu. Nikasema "mtu mmoja wa juu" akamvuta. Mzee mmoja wa kamati akavua miwani akaifuta.

Wiki mbili baada ya kupata ufadhili walitupeleka majini kwa mara ya kwanza, na mwalimu, kwa sababu ya kisa changu, akatupeleka kwenye mojawapo ya zile chemchemi chache ambazo hazijakauka. Mama Thani, sikia nilichokiona. Mchanga ulikuwa unachemka bila moto, maji juu yake yakicheza mpaka macho yanakataa kutulia, na ukitia mkono unakutana na maji mengine kabisa, ya baridi, maji matamu yanapanda katikati ya chumvi yote ile, na samaki wadogo wamejipanga pembeni kimya. Nilipogeuka nikamwona nguva na mtoto wake wanakula majani, wakubwa, wapole, wakanitazama halafu wakaendelea na shughuli zao. Nililia ndani ya miwani, jambo ambalo ni usumbufu sana, nakuambia. Nikajaza chupa nikamletea babu.

Akaionja. "Siku hizi ina chumvichumvi," akasema, halafu akainywa yote. "Haya, we mtoto, niambie. Huko chini pakoje?"

"Babu, si Mabkhut alishakusimulia?"

"Mabkhut! Mabkhut akitoka majini kazi yake ni kutapika na kutukana. Hakuna hata mmoja niliyemvuta akanisimulia kitu. Wanataka tende zao na mahali pa kulala. Sema wewe."

Nikamweleza yote. Alinirudisha kwenye ule mchanga mara tatu, akitaka kujua unachemka namna gani, kwa kasi ama polepole, halafu akatazama chupa tupu. "Nimekunywa maji haya ujana wangu wote," akasema, "na sikujua yana mlango wa namna hiyo. Subhanallah. Wewe ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kuuona."

Nilitaka kumwambia pale pale, nikashindwa. Sasa kamati imemwandikia kumwalika kwenye sherehe ya Alhamisi, akae mbele na awaeleze watu habari za bahari. Babu anadhani wanamtaka tu kwa vile yeye ni mzee wa enzi za lulu. Amelitoa joho lake sandukuni, analipiga pasi mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu, na Jumatatu anakwenda kunyolewa ndevu. Nikiwaza atakavyosimama pale mbele moyo unanipasuka, maana hatasimama dakika moja kabla hawajajua. Wapiga mbizi wote wa zamani ni viziwi, maji yaliwapasua masikio, lakini babu yangu anasikia kijiko kikianguka nyumba ya tatu.

Kaka yangu anasema, "Mwambie aseme tu kwamba alizama, kwani mzee gani hatii chumvi?" Rafiki yangu anasema nimwombee udhuru kwamba anaumwa. Nikisema ukweli nitanyang'anywa ufadhili na sitauona tena ule mlango, nikinyamaza nitamwaibisha babu mbele ya mji mzima. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mjukuu Mwongo, Muharraq

*

Mjukuu,

Nimeisoma yote, na nimekasirika. Halafu nimeirudia pale penye nguva, nikakasirika kidogo tu, kisha nikarudi kwenye "mtu mmoja wa juu" nikakasirika upya.

Mtu mmoja! Babu yako alisimama juani, nahodha anamtukana, hana ishara yoyote mkononi, akaamua peke yake kwamba ukimya ule si wa kawaida, akavuta. Mabkhut alipata watoto baada ya siku hiyo, ama hakupata? Basi na hao uwahesabu. Hicho ndicho kisa chenyewe, mwanangu, na wewe ukakitoa moyo ukawapa kamati maganda. Ulidhani unampandisha cheo babu yako, kumbe umemfuta. Ulikuwa na jambo kubwa kuliko la watoto wote wa shule yenu, ukalionea haya.

Pole, lakini. Najua mji huu. Najua watoto wanavyoringiana kwa mababu, na najua mistari mitatu ya fomu inavyoweza kumtia mtu wazimu. Na ulichokiona kule chini sikifanyii mzaha. Nimekaa visiwa hivi miaka sitini na miwili, nimesikia habari za chemchemi hizo tangu niko mgongoni mwa mama, na ni barua yako iliyonifanya nisimame jikoni na sufuria mkononi, nikiwaza mchanga unaochemka bila moto. Mtu aliyeliona hilo akalia ndani ya miwani anafaa kusomeshwa. Ila asomeshwe kwa jina lake na la babu yake wa kweli.

Sasa sikiliza. Usithubutu kusema babu anaumwa. Mungu asije akakuitikia. Na huyo kaka yako mwambie akae kimya, chumvi yake akaitie kwenye mchele wa mama.

Leo ni Jumatatu. Gazeti hili linafika kwa vinyozi saa tatu asubuhi, na kinyozi yeyote wa Muharraq husoma ukurasa wangu kwa sauti, maana ananogewa na shida za watu. Umesema babu yako ana masikio mazuri. Ndiyo, barua yako nimeichapa leo makusudi, na unaweza kunichukia mpaka Alhamisi. Funga gazeti, mtilie kahawa, kaa chini karibu yake na umwambie wewe kabla hajaambiwa na wembe. Usianze na udhuru. Anza na fomu, malizia na "mtu mmoja". Akinyamaza, mwache anyamaze. Misimu ishirini mizima kazi yake ilikuwa kusubiri ukimya na kujua una maana gani. Wako pia ataujua.

Kisha nendeni kwa kamati leo leo, wawili, naye avae lile joho. Useme kwa mdomo wako. Wakiuchukua ufadhili, wana haki, utalia siku moja na mwakani utajaza fomu upya. Wakikuachia, ombi langu ni kwamba Alhamisi asimame yeye, akisimulie kisa cha Mabkhut kutoka juu, mahali alipokuwa. Sijawahi kusikia kisa cha wapiga mbizi kikisimuliwa kutoka huko. Na siku ukirudi kwenye chemchemi, mwulize mwalimu wako kama mzee anaweza kukaa chomboni ashike kamba yako. Hahitaji kujua kuogelea.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo. Baba yangu alikuwa mpiga mbizi. Wa kweli, kiziwi wa masikio yote mawili, na nimejivuna naye maisha yangu yote, hata kwenye ukurasa huu. Baada ya kusoma barua yako nilimpigia simu mama yangu, nikamwuliza nani alikuwa akimvuta baba. Sikuwahi kumwuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Thuwaini," akasema. "Yule wa nyumba ya kona. Kila jioni ya msimu baba yako alimsalimia yeye kwanza, ndipo anisalimie mimi."

Nyumba ya kona. Nimepita mlango ule tangu utoto nikienda kununua mkate. Mzee alikuwa akikaa kwenye baraza, akininyooshea mkono, nami nilikuwa na haraka. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na sikwenda kumzika, kwa sababu sikujua kwamba nilikuwa na deni la kwenda.

Wa kwako asubuhi hii yuko hai, anapiga pasi joho. Acha kusoma.

Mama Thani